Mafuta ya Nta Kwenye Unga wa Moto

Mafuta yangu ya kupaka nayapika kwa sufuria mbili. Kubwa ina maji, ndogo imekaa ndani yake, na humo ndogo naweka nta ya nyuki, mafuta ya alizeti na samli kidogo. Moto uwe mdogo. Nta ikishayeyuka yote naepua, nakoroga kwa mwiko ambao haujawahi kuonja mboga, halafu namimina kwenye vikopo. Ni kazi ya asubuhi moja. Mama yangu aliifanya hivi hivi, hapa hapa Mtinko, ila yeye alihifadhi kwenye kibuyu. Mimi natumia vikopo vya plastiki vyenye kifuniko cha kuzungusha, maana siku hizi ukimpa mtu wa mjini kibuyu anadhani umempelekea dawa ya mganga.

Nta inatoka kwenye mizinga ya baba watoto. Asali ikishakamuliwa, masega yaliyobaki nayachemsha, nachuja kwa kitambaa, naacha yapoe, na nta inaganda juu ya maji kama ukoko wa njano. Alizeti tunalima wenyewe. Samli napata kwa jirani. Wanaonunua ni akina mama wa hapa na walimu wa shule, kwa ajili ya visigino na midomo, hasa kipindi cha upepo, maana upepo wa Singida hauna huruma na ngozi ya mtu. Hakuna aliyewahi kulalamika. Na kama angelalamika ningemjibu, kwa sababu mimi nina mdomo. Sifichi, na mtaliona wenyewe.

Kupika hakujawahi kunishinda. Kilichonishinda mwaka juzi ni kuyafikisha Dar es Salaam yakiwa bado yameganda, mwezi wa kumi, kwa binti yangu.

Binti huyu ndiye kitinda mimba wangu. Alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, na ndiyo kwanza walikuwa wameanza mafunzo ya vitendo wodini. Muuguzi ananawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kutwa nzima, na akimaliza kunawa anapaka ile dawa ya spiriti ya kuua vijidudu. Ndani ya wiki tatu mikono yake ilipasuka. Akikunja ngumi, viungo vya vidole vilitoa damu. Daktari wa ngozi akamwambia aache kila chenye manukato, apake kitu kizito mara nyingi kwa siku. Alijaribu mafuta ya mgando ya dukani, yakawa yanatoka na maji ya kwanza. Mwalimu wao wa vitendo akamwambia wazi kwamba mikono yenye vidonda haigusi mgonjwa, kwa usalama wa mgonjwa na wa muuguzi mwenyewe. Akampa mwezi mmoja. Ikipona, ataendelea na wenzake. Isipopona, atasimama asubiri darasa la nyuma yake.

Aliponipigia simu kuniambia hayo nilikuwa napeta uwele. Niliweka ungo chini. Mtoto huyu alitaka uuguzi tangu akiwa darasa la tano, na kuku wetu wote walikuwa wakitembea na vitambaa alivyowafunga miguuni kama bandeji. Nikamwambia asilie. Nitamtumia mafuta ya nta, yale aliyopakwa tangu akiwa mchanga, na mwezi hautaisha kabla mikono haijapona. Niliahidi kama mtu anayeahidi kitu kilichoko mfukoni.

Kifurushi cha kwanza nilikifunga bila kufikiri sana. Vikopo vinne kwenye boksi la sabuni, magazeti pembeni, gundi ya karatasi juu. Nikakipeleka stendi ya mjini, kwenye ofisi ya vifurushi ya mabasi, nikakiacha jioni ili kiondoke na basi la alfajiri. Karani wa pale ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu nene sikioni. Akaniuliza ndani kuna nini. Nikamjibu, "Zawadi tu." Kwetu ndivyo tunavyojibu. Mtu hatangazi alichomfungia mwanawe, kila mtu stendi akisikia una asali au una samli, mzigo wako umeshaonjwa kwa macho kabla haujaondoka. Akaandika zawadi, akaandika namba ya simu, nikaondoka.

Kesho yake jioni binti akapiga. "Mama, kifurushi nimekipata, ila mafuta yamekuwa maji. Yamepita kwenye vifuniko, boksi lote limelowa. Nimekinga nusu kikopo tu."

Ningeweza kumpigia karani simu. Sikupiga. Nilipanda gari nikaenda mjini kwa makusudi, ili nimwambie uso kwa uso. Nilimwuliza kama mzigo wangu waliusafirisha au waliukaanga. Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kinyaturu, na mimi nikishafika kwenye Kinyaturu ujue mambo yameharibika. Yeye ni Mnyiramba wa Kinyangiri, sijui alielewa kiasi gani, lakini alisubiri nimalize.

"Mama yangu," akasema, "basi linatoka hapa alfajiri. Saa sita mchana liko Gairo huko, jua limesimama, na buti la nyuma liko jirani na injini. Mwezi huu sisi hata mishumaa tunaikataa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukusema ni mafuta, mama. Ulisema ni zawadi."

Ilikuwa kweli, na nilizidi kukasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani nikampa baba watoto sehemu iliyobaki ya hasira, kwa kosa la kuniuliza habari za mjini.

Safari ya pili nikaja na ufumbuzi wangu mwenyewe. Nta iongezwe. Mama yangu alikuwa akiweka kikombe kimoja cha nta kwa vikombe vitano vya alizeti. Mimi nikaweka vikombe viwili na nusu, na samli nikaitoa kabisa. Yalipopoa yaling'aa vizuri sana. Baba watoto akapita jikoni, akagonga kikopo kimoja kwa ukucha, kikalia ko. Akaniuliza, "Haya tunapaka au tunawasha umeme ukikatika?" Nikamwambia arudi kwenye mizinga yake.

Basi, jua lote la Gairo halikuyagusa. Yalifika kama yalivyotoka. Binti akapiga simu kwa sauti ya chini. "Mama, yamefika magumu. Nayachokoa kwa kijiko, na nikiyasugua yanakwaruza vidonda."

"Yapashe moto kidogo."

"Nitayapasha wapi, mama? Wodini?"

Nikamwambia watoto wa siku hizi mnataka kila kitu kilainishwe, mtafuniwe, mmezeshwe. Nikasema sisi tulilima kwa mikono iliyopasuka na hatukumsumbua mtu. Nayaandika maneno hayo hapa kwa aibu. Akasema, "Sawa, mama, nitajaribu," na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa kidole chake. Wiki mbili za ule mwezi zilikuwa zimeshakwenda.

Mara ya tatu nilitulia. Nilikaa na daftari, nikajiuliza vizuri kinachoyeyusha ni nini na kinayeyusha wapi. Nikarudi kwenye kipimo cha mama yangu, nikaongeza nta kidogo tu. Nikaulizia mabasi, nikaambiwa liko moja linalotoka Kanda ya Ziwa, linapita Singida jioni na kuingia Dar asubuhi, kwa hiyo halikutani na jua kabisa. Nikavijaza vikopo sita. Nikaviacha vipoe usiku mzima kabla ya kuvifunika. Ningeishia hapo, mtoto angepata mafuta mazuri na mimi leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Lakini kwetu kifurushi hakiendi na kitu kimoja. Ukimtumia mtoto kitu kimoja tu, hata mwenzake wa chumba atajiuliza kama mmegombana. Lazima uwepo unga, ziwepo karanga, uwepo mlenda mkavu, hata kama mtoto yuko mahali penye soko kubwa kuliko wilaya yenu. Kwa hiyo nikapanga kutuma na unga wa uwele. Na hapo ndipo akili yangu ikanizidi. Nikasema, kwa nini nisivipange vikopo katikati ya unga? Unga utazuia joto la nje, na utazuia vikopo visigongane. Nilijiona nimemshinda karani, dereva na kiwanda cha mafuta kwa pamoja.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Mashine ya kusaga ikasimama, ndoo za watu zikapanga mstari hadi barabarani. Nilikaa pale na ndoo yangu, vikopo na vingine vyote kwenye kikapu, naangalia saa, nawatolea maneno watu wa umeme ambao hawanisikii. Uliporudi ilikuwa saa tisa, na zamu yangu ikafika saa kumi kasoro robo. Unga ukatoka una moto, unafuka, kama kawaida ya unga wa mashine. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba unga wa namna hiyo haufungwi. Unaumwaga kwenye turubai, unautandaza upoe, ndipo unautia kwenye mfuko, la sivyo unavunda na kuwa mchungu. Binti zangu wote nimewagombeza kwa hilo, mmoja mmoja, tangu wakiwa wadogo.

Ila gari la mjini lilikuwa barabarani linapiga honi. Nikamimina nusu ya unga kwenye mfuko wa salfeti, nikavisimamisha vikopo sita, nikamimina nusu nyingine juu yake, karanga na mlenda nikavisukumia pembeni. Nikafunga mdomo wa mfuko kwa kamba ya katani, nikakaza mpaka viganja vikauma. Haraka haraka haina baraka, tunawaimbia watoto kila siku, na wimbo wenyewe nilikuwa nao kichwani nikiwa nakimbia.

Stendi karani akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akausimamisha mezani, akaacha kiganja juu yake.

"Mama, huyu ana homa."

"Nani ana homa?"

"Mzigo wako. Hebu mguse."

Nikamwambia yeye kazi yake ni kuandika risiti, mambo ya homa awaachie wauguzi. Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka upande wangu. Akachomoa kalamu sikioni. Safari hii nilimtajia kwamba ndani kuna mafuta, akasema atamwambia kondakta ayaweke buti la mbele, mbali na injini. Nilimwona kwa macho yangu akimwambia. Mtu yule alifanya kila alichosema.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Mama, vimefika salama."

"Vyote?"

"Vyote sita. Mazuri sana. Asante, mama."

Niliweka simu nikaimba. Nikawaambia walimu, nikawaambia akina mama wa kwaya, nikamwambia mwenye mashine ya kusaga, kwamba mafuta yangu yamekwenda Dar es Salaam mwezi wa kumi yakafika yameganda. Nilipokwenda mjini kununua mbegu nilipita stendi kwa ajili hiyo tu. Nikamwambia karani, "Umeona sasa?" Akajibu, "Tunamshukuru Mungu, mama," akaendelea kuandika.

Kila nilipompigia binti nilimwuliza mikono, naye alisema inaendelea vizuri. Nikamwomba anionyeshe kwa video, akasema bando limeisha. Siku nyingine akasema yuko zamu. Mara mbili nilimsikia baba watoto akizungumza naye pembeni ya zizi kwa sauti ndogo, nikadhani wanajadili mambo ya ada. Sikuhoji. Mtu aliyeshinda haendi kukagua ushindi wake.

Mvua za kwanza zilipoanguka tulikuwa shambani tunapanda. Nikamwona mtu anakuja kwa miguu kutoka barabarani na begi, nikasema moyoni yule anatembea kama mwanangu. Alikuwa mwanangu. Akapiga goti kwenye tuta, akaniamkia, "Shikamoo, mama," nami nikaitikia marahaba, nikanyoosha mkono nimpokee begi. Hakulishika kwa kiganja, alikuwa ameupitisha mkanda kwenye kiwiko. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye vifundo.

"Wamenisimamisha, mama," akasema. "Nasubiri darasa la nyuma."

Nilimwuliza swali la kijinga kuliko yote. Nilimwuliza, "Na mafuta?"

Akamtazama baba yake. Baba yake akaegemea jembe, akasema, "Mwambie tu." Ndipo nikajua kwamba yeye alikuwa anajua.

Akaniambia palepale, tumesimama kwenye udongo mbichi. Mfuko ulifika asubuhi bado una joto katikati. Alipoufungua alikuta unga umekuwa mabonge ya njano, kama unga wa maandazi ulioanza kukandwa. Vifuniko vitatu vilikuwa vimeachia kwa joto, na vile vingine vilikuwa vimevuja pembeni. Yaliyobaki vikoponi yalikuwa yamechanganyika na unga. Akajaribu kuyayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa, akapaka siku mbili, kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo na siku zilikuwa zinakwisha. Chembe za unga zikaingia kwenye mipasuko, zikachacha humo, vidonda vikatunga usaha. Unga wenyewe hakutaka kuutupa. Yeye na mwenzake wa chumba waliusonga ugali wiki nzima, ugali unateleza kooni kabla ya kutafunwa. Aliposema hilo alitabasamu kidogo. Mimi sikuweza.

"Kwa nini hukuniambia? Ningetuma mengine siku ile ile."

"Ungemwendea karani wa watu."

"Nisingemwendea."

Baba watoto akaangalia miguu yake.

"Au ungesema nimeufungua vibaya," binti akaendelea. Alisema taratibu, bila ukali, kama anavyoandika joto la mgonjwa kwenye karatasi. "Au ungesema watoto wa siku hizi. Mama, mikono ilikuwa inaniuma. Nisingeweza kuvumilia na kugombezwa tena."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Niseme ukweli, nilitafuta. Nilianza na watu wa umeme, nikaenda kwenye mashine, nikaenda kwa dereva wa gari aliyenipigia honi, nikarudi kwa karani, na karani ndiye aliyeniambia mzigo una homa. Nikageuka kumkasirikia baba watoto kwa kunificha, nikaona kwamba na yeye alinificha kwa sababu hiyo hiyo moja. Nyani haoni kundule, nilikuwa nikiwaambia wengine. Mwanangu alipoteza mwaka wa masomo kwa kuogopa mdomo wangu kuliko alivyoogopa vidonda. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikachukua begi, tukaenda nyumbani, na mbegu za siku ile alizimalizia baba yake peke yake.

Mikono yake niliihudumia kwa wiki kadhaa. Kwanza zahanati, usaha ukauke. Halafu mafuta mabichi ya siku hiyo hiyo, laini, yenye nta kidogo, asubuhi na mchana na jioni, na soksi safi za pamba mikononi wakati wa kulala. Sikuwa nasema sana. Alikuwa ananiuliza kama naumwa. Kufika Krismasi aliweza kufua nguo zake mwenyewe, na siku hiyo nilimkataza asifue, akafua kwa siri.

Alikuwa nyumbani karibu mwaka mzima. Mtoto aliyesomea vipimo hawezi kukaa karibu na sufuria bila kupima. Akachukua vikopo vya vipimo mbalimbali vya nta, akavitia kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko, akaiweka juani tangu saa nne hadi saa tisa, kila saa akafunua na kuandika kipi kimelegea. Baba yake akatafuta ndoo yake ya kunyweshea ndama siku tatu. Tukagundua kwamba kikombe kimoja cha nta kwa vinne vya alizeti, bila samli, kinalegea lakini hakimwagiki, na bado kinapakika. Samli inafaa kwa wa nyumbani, haifai kwa msafiri. Tukagundua kwamba kikopo kilichojazwa hadi mdomoni kinastahimili kuliko chenye nafasi, maana penye nafasi mafuta yanachezacheza na kusukuma kifuniko. Nilikuwa naacha nafasi, nikidhani nayapa hewa.

Kuhusu kufungasha ndiyo tulibishana, na kwa mara ya kwanza nilibishana huku nikisikiliza. Mimi nilitaka barafu. Yeye akasema barafu ikiyeyuka inalowesha boksi, na maji yakiingia kwenye mafuta yanaota ukungu. Mwisho tukakubaliana chupa mbili ndogo za maji ya kugandishwa, tunazigandishia dukani kwa mwenye friza, kila moja imefungwa gazeti na khanga kuukuu, ziwekwe pembeni zisigusane na vikopo. Kila kikopo kwenye mfuko wake wa nailoni, kimezungushiwa gundi shingoni, kimesimama. Katikati tukajaza maganda makavu ya alizeti, ambayo hapa kwetu yamejaa kila kwenye mashine ya kukamua na hayana joto la mtu yeyote. Unga, kama ni lazima, uende kwenye mfuko wake, umepoa siku nzima. Nilitaka kusema unga si lazima, lakini mdomo ulikataa.

Kwa karani nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia mzigo ule ulikuwa na homa kweli, na mimi nilikuwa mjinga, na ninaomba radhi. Watu wa kwenye benchi walikuwapo, pengine si wale wale, lakini benchi lilikuwa lile lile. Akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia amepona, anarudi chuo. Akasema, "Basi tuyaache, mama, mabaya yameshapita," akanipa kalamu yake niandike mwenyewe juu ya boksi kwamba ndani kuna mafuta yasikae kwenye joto. Mwandiko wangu haukuwa mzuri, lakini ulisomeka.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, binti alirudi wodini na darasa lililokuwa nyuma yake. Alikwenda na vikopo vinne kwenye begi. Wiki ya tatu akasema vinaelekea kuisha na mikono bado iko vizuri, ila ngozi ya kidole gumba inaanza kukauka. Nikapika siku hiyo. Nikafanya yote tuliyokubaliana. Jioni nikakabidhi boksi, karani akaligusa kwa kiganja, akatikisa kichwa kwamba halina homa, wote wawili tukacheka.

Usiku ule nililala vibaya. Asubuhi nilikuwa jikoni nachochea moto wa chai, baba watoto yuko kwenye kigoda anafunga kamba ya kiatu, simu ikalia. Nikaweka sauti kubwa ili na yeye asikie.

"Shikamoo, mama. Boksi nimelipata. Vikopo vitano vizima kabisa, chupa bado zina baridi. Kimoja kimemwagika chote. Kifuniko hukukifunga vizuri, mama, kilikaa upande. Ukiwa unafunga uwe unaangalia."

Baba watoto aliacha kufunga kiatu. Alinitazama akisubiri mdomo wangu, na mimi nilisikia maneno yanapanda, yale yale, yamejipanga tayari. Halafu nikasikia alichosema mtoto.

"Nimesikia, mwanangu," nikamjibu. "Nitaangalia. Na kidole gumba?"

"Nimeshakipaka. Naingia zamu sasa hivi."

Alipokata nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia, na chai ikafurika ikazima moto. Baba watoto akaja amevaa kiatu kimoja, akaniuliza mtoto amepatwa na nini, mbona yeye amesikia habari njema.

Nikamwambia, "Ameniambia kifuniko sikukifunga vizuri."